Kabla Mtoto Hajaanza Kozi ya Chuo cha Marekani Akiwa Bado Sekondari

Kama mtoto wako amemaliza kidato cha nne Novemba na anasubiri kidato cha tano Julai, miezi hiyo ya katikati ndiyo nafasi yake ya kusoma kozi ya chuo cha Marekani kwa mtandao. Muhula wa Marekani wa Januari hadi Mei unaingia humo bila kubanana. Akishapelekwa bweni hana simu wala intaneti, na kozi itamfia mkononi. Msijidanganye kwamba atabeba vyote viwili.

Jueni kwanza mnalipia nini. Cheti cha kumaliza kozi si krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea shahada. Kozi nyingi za Coursera na edX, tovuti za kozi za mtandaoni, zinaishia kwenye cheti, na mtoto anajifunza kweli, lakini usitegemee chuo kimsamehe somo kwa sababu ya cheti hicho. Krediti hutolewa na chuo, nayo huandikwa kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo yake, pamoja na alama aliyopata. Shahada ya kwanza kule kwa kawaida ni krediti 120, na kozi moja mara nyingi ina 3. Piga hesabu uone unanunua kipande gani cha safari.

Ithibati ya chuo, yaani utambuzi rasmi wa ubora wake, itafute kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani, si kwenye tangazo la chuo chenyewe. Kisha kiandikie chuo anachotaka kusoma baadaye, uwaulize kama kozi hiyo wataipokea. Jibu liwe la maandishi, ulitunze. Na kama mpango wake ni kusoma hapa hapa Tanzania, krediti hizo hazimbebi kwenye udahili: wataangalia kidato cha sita, masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango cha prinsipali yenye jumla ya pointi 4 kwenda juu.

Kitambulisho. Mtihani wa mtandaoni husimamiwa kwa kamera, na msimamizi hutaka kuona kitambulisho cha serikali chenye picha. Mtoto wa miaka 16 hana kitambulisho cha taifa cha NIDA, maana hicho huanzia miaka 18, na cheti cha kuzaliwa hakina picha. Pasipoti, basi. Anzeni kuishughulikia mapema, na majina aliyojisajilia chuoni yafanane na ya kwenye pasipoti herufi kwa herufi.

Bando la kutosha, laptopu yenye betri inayodumu, na namna ya kujiokoa umeme ukikatika. Hayo mnayajua.

Sasa saa. Hapa naomba unisikilize.

Binti wa dada yangu tunaishi naye hapa Mwanga, Kigoma. Januari alianza kozi ya hesabu ya chuo kimoja cha mashariki mwa Marekani. Mitihani yote ilipangwa saa 10:00 a.m. ya kule, yaani saa nne asubuhi yao. Mimi mwenyewe nilihesabu: sisi tuko mbele kwa saa nane, kwa hiyo ni saa kumi na mbili jioni. Nikaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, kila tarehe ya mtihani, "saa 12 jioni". Mtihani wa Februari akafanya saa hiyo, akafaulu vizuri.

Wa pili ukaangukia wiki ya tatu ya Machi. Siku hiyo tulimtolea meza sebuleni, watoto wadogo nikawapeleka kwa jirani, pasipoti tukaiweka kando ya laptopu. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi akafungua. Nikamwona amenyamaza, anabonyeza palepale tena na tena. Akageuka: "Mjomba, wanasema muda wa kuingia umepita."

Wamarekani, Jumapili ya pili ya Machi, husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Jumapili ya kwanza ya Novemba huzirudisha. Sisi hatusogezi kitu. Kwa hiyo baada ya Jumapili ile tofauti yetu na mashariki ya Marekani, kama New York, ilikuwa saa saba, na mtihani ulikuwa umeanza saa kumi na moja. Tuliandika barua pepe usiku uleule. Jibu lilikuja la heshima, likisema utaratibu ulikuwa kwenye silabasi, yaani mpango wa kozi na kanuni zake: asiyefika hupata sifuri. Mtihani ule ulikuwa asilimia 30 ya alama zote. Alimaliza na D, na vyuo vingi havipokei krediti iliyo chini ya C. Ada haikurudi, na ile D imebaki kwenye transkripti yake. Kosa lilikuwa langu, yeye alifuata kalenda niliyomwandikia.

Kwa hiyo usihesabu mara moja ukaandika muhula mzima. Weka saa ya pili kwenye simu, ya mji wa chuo hicho, na uiangalie kila wiki. Kazi zinazokusanywa saa 11:59 p.m. ya New York, dakika moja kabla ya saa sita usiku yao, zinafungwa hapa saa mbili kasoro dakika moja asubuhi wakati wa baridi yao, na saa moja kasoro dakika moja baada ya Machi. Chuo kikiwa Arizona una nafuu, maana karibu jimbo lote halibadili saa. Tofauti ni saa kumi mwaka mzima. Arizona State University wana pia kozi ambazo mwanafunzi huanza kwa ada ndogo, akaiona alama yake, ndipo akaamua kulipia krediti. Laiti ningeanzia huko.

Ulizeni pia siku ya mwisho ya kujitoa bila alama kuandikwa. Nenosiri asimpe mtu, hata rafiki anayetaka kumsaidia kazi. Mtu akikwambia ana njia ya mkato ya kumpatia mtoto krediti, usimtumie hata shilingi. Risiti zote tunza. Na silabasi ipakueni siku ya kwanza, muiweke kwenye flashi, maana chuo cha baadaye kinaweza kuidai kabla ya kuipokea kozi, na muhula ukiisha ukurasa wa darasa unaweza kufungwa.