Jinsi ya kuandika ugomvi wa mzazi na mtoto kwenye stori ya Kusini, usiwe wa kitamthilia

Stori nyingi za vijana wetu wa Mtwara na Lindi zinaharibikia sehemu moja, pale mtoto anaposimama katikati ya nyumba anamwambia babaake "Baba hunielewi, haya ni maisha yangu!" halafu anaingia chumbani anabamiza mlango. Sasa nyumba yenyewe umeshatuambia iko kijijini Tandahimba, chumba kina pazia la kitenge, kabamiza nini? Na huyo baba alikaa tu kimya mpaka sentensi ikaisha? Msomaji wa huku anakuacha hapohapo.

Ugomvi huku upo, tena mkali, ila hauendi uso kwa uso kiivo. Unapita kwa watu wengine na kwa vitu, kwa hiyo kazi yako we mwandishi ni kujua unapitia wapi.

Kwanza tafuta kitu cha kugombania, kitu cha kushikika, achana na "uhuru wangu" na "ndoto zangu". Kwetu kukipata ni rahisi maana mwaka mzima unaendeshwa na korosho. Angalia kalenda: aliyechaguliwa kidato cha tano anaripoti Julai, na Julai ndo watu wako shambani wanapulizia mikorosho dawa ya salfa, ndo kwanza inatoa maua, mfukoni hamna kitu, mnada wa kwanza mpaka Oktoba huko. Kidato cha kwanza kinaanza Januari, hapo hela ya korosho bado iko ndani hata baba mchoyo anatoa. Kwa hiyo ukitaka baba mwema akwame, mpe mtoto aliyepangiwa shule ya mbali, mwezi wa saba. Na shida isiwe ada jamani, ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa 2022, ukiandika stori ya siku hizi baba kakosa ada tutajua hujauliza watu, andika godoro, tranka, sare, michango, nauli. Mwezi huohuo ndo anatokea jamaa wa kangomba na pesa taslimu, ananunua korosho ikiwa bado juu ya mti, kwa bei ya kutupa, na wote wawili wanajua ni kinyume cha sheria. Baba akichukua, mtoto anaenda shule, ila msimu ukifika wenzake wako AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wanasubiri kuingiziwa hela benki na yeye magunia yake si yake. Asipochukua, mtoto anabaki nyumbani. Hapo hamna mbaya, kila mtu ana haki yake na lazima mmoja aumie.

Ndo maana nachoka na yule baba mlevi wa gongo anayepiga kila mtu. Yupo, simkatai, ila kwenye stori hana cha kuamua, pombe ishamuamulia. Jaribu hivi, andika ukurasa mzima ukiwa kichwani mwa mzazi bila kumcheka na bila kumpa majibu ya kijinga, huo ukurasa hauingii kwenye stori, ni wa kwako tu. Ukishindwa kuumaliza ujue humjui bado.

Halafu kuna mjomba, na hapa wengi mnaacha utajiri mezani. Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo kwa asili unafuata upande wa mama, kaka wa mama ana sauti kwenye mambo ya jando, unyago, posa. Leo mambo yamechanganyika, kuna dini, kuna mji, kuna baba anayesema huyu mwanangu nimemlea mimi na jasho langu, ila mjomba hajaondoka. Yani ugomvi wako una pembe tatu tayari hujafanya kitu. Mtoto akibanwa na baba anaenda kwa mjomba, mjomba anakuja jioni kama anapita tu, anakaa kwenye jamvi, anaongelea mvua, anaongelea bei ya salfa, na baba anajua kabisa amekuja kwa ajili gani na anaumia kwamba mwanae kamshtaki. Hakuna aliyepandisha sauti. Andika hiyo mvua na hiyo salfa, kesi yenyewe iache chini yake.

Salamu nayo ni kipimo kizuri sana. Mtoto aliyekasirika bado anaamkia, hawezi kuacha, ila anaamkia akiwa anapita, na baba anaitikia kooni au haitikii kabisa. Kuna kutumana pia, mtu yuko palepale ila anaongeleshwa kupitia mdogo wake. Mfano, binti tumwite Somoe, amerudi kachelewa:

"We Juma, muulize dada yako kama huko alikotoka wameshakula."
"Dada, baba anauliza..."
"Nimesikia. Mwambie nimeshiba."
Mama akafunika sahani, akaisukuma upande wa Somoe. "Kula."

Mistari minne na wote tumejua nani kakasirika, nani anaogopa, nani anatengeneza. Ukimweka Somoe aeleze hisia zake baada ya hapo umeharibu. Kina mama nao wana kanga, wanavaa maneno, ila hiyo imetumika mno, mara moja kwenye stori inatosha.

Unyago na jando andika kwa adabu, ya ndani yaache ndani, na kusema ukweli stori ipo zaidi kwenye kurudi. Binti yuko darasa la tano au la sita, amechezwa likizo, kafundishwa na kungwi kwamba sasa we mkubwa, watu wametunza, ngoma imepigwa, halafu Jumatatu anavaa sketi ya shule na mwalimu anamwambia piga magoti. Nyumbani mama anataka ajiheshimu kama mtu mzima, ila akitoa maoni anaambiwa mtoto hanyamazi? Huo mkanganyiko ni riwaya nzima.

Mwaka wa stori uchague mapema maana unabadilisha mzazi anaweza kufanya nini. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa mzazi akiridhia, Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba kipengele hicho kinavunja katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Mwaka huohuo wa 2016 ndo ilikuja adhabu ya miaka 30 jela kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi. Na mwanafunzi aliyejifungua ameruhusiwa kurudi shule tangu Novemba 2021. Kwa hiyo baba wa 2005 anayepokea posa na baba wa 2023 sio mtu mmoja, wa pili anafunga mlango kwanza. Hata barabara, kabla ya Daraja la Mkapa pale mto Rufiji kufunguliwa 2003 mama aliyekuwa Dar masika yote haji, magari yanakwama matopeni, na mtoto analelewa na bibi mpaka anamwita bibi mama. Kijana wa Mtwara mjini Mei 2013, siku za vurugu za kupinga bomba la gesi la kwenda Dar, na babaake anayemfungia ndani, nao wana ugomvi wao na wala hauhusu gesi peke yake.

Kama msimuliaji ni mtoto mdogo, shika urefu wake. Wa miaka saba hajui kangomba ni nini, anaona magunia yanatoka usiku na baba anamwambia lala.

Suluhu sasa. Tafadhali baba asiseme "nisamehe mwanangu, nilikosea", wachache sana wanasema hivyo na wakisema hawamalizii. Atamwita mtoto amshikie baiskeli wakati anaziba pancha, au atanunua godoro lenyewe dogo kuliko lililotakiwa na kuliacha mlangoni bila neno. Au asifanye kitu, mtoto apande basi na mama ndo apunge mkono, hiyo pia inaruhusiwa.

Ukimaliza, msomee mtu mzima wa huku kwa sauti, sehemu ya mazungumzo tu. Atakukatiza mwenyewe, "aa, hapo asingemjibu hivyo", na wewe usibishane naye, muulize angejibuje halafu andika.