Kiporo cha Wali na Maharage ya Nazi: Namna ya Kukiandaa Tangu Usiku

Katika nyumba nyingi za pwani ya Tanzania, kuanzia Tanga hadi Lindi na kuvuka bahari hadi Unguja na Pemba, kiporo cha wali na maharage huliwa asubuhi pamoja na chai ya rangi, kabla watu hawajatawanyika kwenda kazini na shuleni. Kwa mtu aliyeamua kula vyakula vya mimea pekee, asiyegusa nyama, samaki, maziwa wala mayai, mlo huu haumdai kuongeza kitu, kwa sababu wali na maharage vikiliwa pamoja hukamilishana kwa protini, na tui la nazi huleta mafuta na ladha ambayo kwingine hutafutwa kwenye samli. Lakini kiporo kitamu na salama hupangwa usiku, chungu kingali motoni.

Desturi yenyewe imetokana na namna watu wanavyopima mchele. Mpishi wa pwani hapiki kwa kuhesabu vichwa vilivyomo ndani, bali huongeza kidogo kwa ajili ya mtu anayeweza kubisha hodi wakati sinia limeshatengwa, kwani wazee walituambia «mgeni njoo, mwenyeji apone». Mgeni asipotokea, fungu lake ndilo linalokuwa chakula cha asubuhi, na ndiyo maana kukimwaga kiporo huonekana ni utovu wa adabu hata katika nyumba yenye uwezo. Wakati wa Ramadhani mambo ni hayo hayo: mihogo na magimbi ya nazi yaliyobaki kwenye futari hupashwa moto na kuliwa daku.

Anza na maharage, kwa kuwa ndiyo yanayomaliza mkaa, na kuyachemsha mara moja kwa milo miwili ni faida ya wazi. Loweka nusu kilo tangu asubuhi, mwaga maji ya kulowekea, kisha uyachemshe kwa maji mapya hadi punje ibonyee kati ya vidole viwili bila kubakiza kiini kigumu. Yakishaiva, yagawe kabla hujayaunga. Sehemu ya usiku iunge kwa kitunguu, nyanya, bizari na tui jepesi, na mwishoni utie tui zito huku ukikoroga taratibu upande mmoja na kupunguza moto, ili tui lisikatike. Sehemu ya asubuhi iache na supu yake tu, bila nyanya wala tui, kwa sababu tui huchacha upesi katika joto letu, na maharage yaliyokwisha kuungwa huharibika kabla ya yale matupu.

Wali unahitaji uangalifu mkubwa zaidi, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Mchele hubeba vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukiachwa sufuriani usiku kucha mbegu hizo huamka, huongezeka na kutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto mkali. Tena wali wa namna hiyo unaweza usitoe harufu yoyote. Kwa hiyo, mara tu watu wanapomaliza kula, tandaza wali uliobaki kwenye sinia pana ili upoe ndani ya saa moja, uweke kwenye chombo chenye mfuniko, na uuingize kwenye friji pamoja na maharage, ambayo nayo yapozwe kwanza kwenye bakuli lisilo na kina. Ule asubuhi inayofuata, na usiupashe moto zaidi ya mara moja. Nyumba isiyo na friji inaweza kumwomba jirani nafasi ya bakuli, jambo ambalo mitaani kwetu halimwaibishi mtu. Ikishindikana, pika wali wa usiku tu, na kiporo chako kiwe chapati, ambazo kwa ukavu wake hulala salama zikifunikwa kwa kitambaa safi.

Asubuhi, kaanga kitunguu na kitunguu saumu kwa mafuta ya nazi au ya alizeti, tia nyanya moja iliyokatwakatwa na chumvi, mimina maharage na supu yake, na uyaache yachemke kwa nguvu. Ponda kijiko kimoja au viwili vya punje kwenye ubavu wa sufuria ili mchuzi uwe mzito, ndipo utie tui ulilokamua wakati huo huo. Wali uunyunyizie maji kidogo, uufunike vizuri na uuweke kwenye moto mdogo hadi mvuke utoke kila upande na katikati pawe pa moto kabisa.

Ukoko ni habari nyingine. Ikiwa ulipalia makaa juu ya mfuniko, chini ya sufuria utapata tabaka la rangi ya kahawia lililonyonya nazi yote. Libandue kwa mwiko likiwa bado la moto na uligawe usiku ule ule, maana watoto hawatakubali lingoje.

Kuhusu viporo vingine, ugali uliohifadhiwa kwenye friji hukatwa vipande vyembamba na kukaangwa hadi uwe mkavu nje, na chapati hukatwakatwa ndani ya mchuzi wa mbaazi. Kisamvu cha karanga, kwa maoni yangu, huwa kitamu zaidi siku ya pili. Uliza tu kilichomo kabla hujala kiporo cha nyumba nyingine, kwani chapati huenda zilikandwa kwa samli au maziwa, na mboga za majani mara nyingi hutiwa dagaa waliotwangwa.

Maharage yakibaki machache, yaponde pamoja na kitunguu kibichi, pilipili, majani ya giligilani na unga wa dengu wa kutosha kushikana, finyanga vidonge vidogo na uvikaange kwenye mafuta mengi yenye moto wa wastani, kisha uvile na chatini ya nazi yenye ndimu.