Ndege ikielea Manda, usiikandamize
Mnaojifunza urubani na kutua kwenye viwanja vya ndege vya Manda (Lamu) au Malindi: ndege ikishuka chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa yake, ncha hadi ncha, ardhi huibana hewa inayojiviringa kwenye ncha hizo. Kwenye kimo cha moja ya kumi ya upana huo, ukinzani wa hewa unaotokana na mabawa kuiinua ndege hupungua karibu nusu. Basi ukija na mwendo wa ziada, ndege huelea tu huku lami ikiisha (ndege zenye mabawa chini ya kiwiliwili ndizo huelea zaidi). Usisukume pua chini, rekebisha mwendo mapema, au paa uzunguke tena. Wakati wa kuruka, hasa kwenye joto la Machi, hali hiyo hiyo huifanya ndege iinuke kabla haijawa na kasi ya kutosha kupanda. Iache ishike kasi karibu na ardhi, ndipo upae juu.