Mbwa Amekunywa Maji ya Bwawa? Katazame na Bakuli Lake

Ninalinda nyumba ya wageni hapa Shangani, Mtwara, na bwawa la kuogelea nalisafisha mimi. Tomi, mbwa wa hapo, ndiye aliyenifunza nusu ya kazi hii, kwa kutapika.

Klorini naitia jioni, kwa sababu jua la mchana huimaliza upesi. Siku ile maji yalikuwa yameanza ukijani, nikazidisha dozi. Alfajiri, jua halijayagusa maji, klorini ingali kali, Tomi akaenda kunywa. Kufika saa mbili mate yanamchuruzika, katapika povu mara tatu.

Yakikukuta hayo, jiulize kwanza: amekunywa maji, au amelamba dawa yenyewe?

Bwawa lililopimwa vizuri huwa na klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na mafunda machache kwa kawaida hayamdhuru mbwa. Akinywa mengi, au bwawa likiwa limetoka kutiwa dawa nyingi, tumbo huchafuka. Mtoe hapo, msuuze manyoya na miguu kwa maji ya bomba maana atajilamba, kisha mpe maji safi kidogo kidogo. Jirani yangu alitaka tukamwoshe baharini. Thubutu! Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita; akiyanywa hayo, umemwongezea ugonjwa. Asipoacha kutapika, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Akiwa amelamba chembechembe za klorini au kidonge chake, usingoje. Ile inaunguza mdomo na koo. Msuuze mdomo kwa maji mengi, kichwa kimeinama ili yasimwingie mapafuni. Usimtapishe, kwani ikirudi itaunguza mara ya pili. Mkaa wa kusaga hausaidii hapa. Chukua kopo la dawa, muende kwa daktari saa hiyo hiyo.

Kuna na hili la wageni kumrushia mbwa kumbi la nazi majini. Kila akilidaka anameza na maji. Ukimwona anayumba kama mlevi, tumbo limejaa, fizi zimepauka, usiilaumu klorini: maji yamezidi mpaka chumvi ya damu imepungua. Anaweza kupata degedege na kufa. Hapo pia ni daktari, mbio.

Sasa Tomi alifuata nini bwawani? Bakuli lake la bati lilikuwa kavu tangu usiku, na mchana lilikaa juani, maji yake ya moto kama ya chai. Kosa langu. Nikanunua chungu cha udongo, nikakiweka chini ya mkorosho. Udongo unatoa jasho, maji yanapoa. Nakijaza asubuhi, saa kumi, na tena kabla sijafunga geti. Dozi ikiwa kubwa, Tomi analala uani mpaka nimepima maji.

Siku hizi analipita bwawa, ananusa, anarudi chunguni. Ila wakija wageni wenye watoto, makumbi yote nayaficha stoo.