Injini ya Pikapu Imekufa: Nilivyoirudisha Hilux Barabarani kwa Pesa Kidogo

Hilux yangu ni ya 1994, injini 3L ya diseli (3L ni jina la injini, si lita tatu). Ilinoki Mtoni kwa Aziz Ali, Dar es Salaam, ikiwa na saruji ya mteja wa Mbagala. Tukaivuta kwa kamba hadi gereji Tandika, na kabla hata boneti haijafunguliwa fundi akaniambia, "Bosi, tafuta injini nyingine."

Usikubali haraka hivyo. Mwambie afungue hedi, yaani kichwa cha injini, na sampo, bakuli la oili la chini, ukiwa umesimama hapo hapo. Hedi ikiwa imepasuka lakini silinda hazina mikwaruzo, nunua hedi tu. Beringi ikiwa imeungua na bloku, yaani mwili wa injini, ni nzima, kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) inachongwa na beringi za saizi inayofuata zinapatikana. Ovahoo ya namna hiyo, ikifanywa na mtu anayepima kwa vipimo na si kwa kidole, inarudisha injini unayoijua historia yake. Yangu rodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ilikuwa imetoboa bloku. Hapo hakuna cha kuokoa.

Nikaingia Ilala na Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, kutafuta injini ya mtumba. Njia rahisi kwa mfuko ni kubaki kwenye ukoo uleule: 2L, 3L na 5L ni ndugu, na giaboksi yako inabaki. 5L ina ujazo wa sisi (cc) 2,986 dhidi ya 2,779 za 3L, kwa hiyo ukiipata kwa bei nzuri ichukue. Usishawishiwe na 1KZ, injini ya ukoo mwingine yenye turbo, kwa sababu tu bei yake inavutia. Utanunua tena waya, rejeta na bomba la moshi, na hesabu yote itaharibika.

Injini nyingi za 3L zimetoka kwenye Hiace. Ni nzuri, ila sampo na maunti zake (vishikio vya injini) hazikai kwenye Hilux, itabidi uhamishe za kwako. Ndiyo maana nasema injini iliyokufa usiiuze kwa wa chuma chakavu mpaka mpya iwe inanguruma. Mimi nilihamisha sampo, maunti, bomba la kunyonya oili na alteneta.

Dukani ndipo pa kuwa mkali. Fungua kifuniko cha oili: tope jeusi zito, au rangi kama chai ya maziwa, ondoka. Chungulia matundu ya maji. Kutu nyingi ina maana ilikuwa ikinyweshwa maji matupu. Shika spana kwenye boliti ya puli ya kranki, zungusha mizunguko miwili kamili. Unatakiwa kusikia ugumu mara nne, unaolingana. Ikiwa inauzwa na giaboksi yake, omba iwashwe pale chini kwa betri na dumu la diseli, kwa kuwa pampu yake haihitaji kompyuta. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni akikuta chini ya bar 20, iache, hata kama muuzaji ni ndugu yako. Risiti iandikwe namba ya injini na siku ulizopewa za kuijaribu ikiwa imeshafungwa kwenye gari.

Ikiwa bado iko sakafuni, badilisha mkanda wa taimingi, unaozifanya valvu ziende sawa na pistoni, na sili ya nyuma ya kranki inayozuia oili kuvuja. Mkanda ukikatika kwenye injini hizi, valvu zinagonga pistoni. Kuvifikia baadaye ni kulipa ufundi mara mbili.

Halafu tafuta kilichoua ile ya kwanza, jambo ambalo wengi wanaliruka na linaniuma sana. Yangu iliuawa na rejeta. Kwa miaka niliijaza maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Rejeta ikaziba, gari ikachemsha, gasketi ikaachia, maji yakaingia kwenye oili, beringi zikaungua, mwishowe rodi ikatoboa bloku. Ningefunga injini mpya na rejeta ileile ningeiua pia. Safisha au badilisha rejeta, weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), na fundi akitaka kutoa termostati, vali inayodhibiti joto la injini, mkatalie.

Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo peleka mabadiliko TRA (Mamlaka ya Mapato) mapema, usingoje siku unapotaka kuuza.

Oili ya kwanza niliimwaga baada ya kilomita 1,000, nikaichuja kwa kitambaa cheupe. Ukiona vumbi linalometameta kama shaba, rudi dukani na risiti siku hiyohiyo. Changu kilitoka cheusi tu, na mchana ule nikapakia saruji.