Namna ya Kutunza Maktaba ya Kale Iliyomo Kanisani

Juu ya baraza ya mlango wa kusini wa Kanisa la St Wulfram mjini Grantham, Uingereza, kuna chumba chenye maktaba iliyoanzishwa mwaka 1598 na Francis Trigge, kasisi wa Welbourn, kwa ajili ya makasisi na wakazi wa mji. Zaidi ya vitabu 80 vya humo vingali na minyororo ya kuvifunga rafuni visiibiwe. Anayekabidhiwa hazina ya namna hii ndani ya kanisa lolote la Kianglikana nchini humo aanze na jengo kabla ya kugusa kitabu.

Akague paa na mifereji ya mvua kila msimu, kisha aweke kipima unyevu chumbani na kuandika vipimo vyake mara kwa mara. Kuvu huota kwa urahisi unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65. Hata hivyo, kukausha hewa kwa pupa nako kuna madhara: hita inayowashwa kwa nguvu siku ya Jumapili na kuzimwa wiki nzima hubadilisha unyevu kwa ghafla, mbao na ngozi zikatanuka na kusinyaa hadi majalada yakapinda. Joto dogo lisilobadilika ni bora zaidi.

Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kitabu kikiwa kimefumbwa, kwa kupangusa kutoka kwenye mgongo kuelekea nje. Mikono mikavu iliyooshwa inafaa kuliko glavu, kwa kuwa glavu hupunguza hisia za vidole na kurahisisha kuchana kurasa. Mafuta yasipakwe kwenye ngozi, wala mkanda wa gundi usibandikwe popote.

Mnyororo unahitaji uangalifu wa pekee. Kwa kawaida umefungwa ukingoni mwa jalada, na ndiyo sababu vitabu hivyo husimama rafuni migongo ikiwa ndani. Anayekitoa kitabu akishike kwa mikono miwili, na mwenzake aubebe mnyororo ili uzito wake usiling'oe jalada. Kisha kifunguliwe juu ya mito, bila kulazimishwa kulala bapa.

Kasisi na wazee wa kanisa hawana mamlaka ya kuuza kitabu kwa uamuzi wao wenyewe, hata paa likihitaji fedha. Sheria ya mwaka 1708 ya kulinda maktaba za parokia ilizuia vitabu visihamishiwe mikononi mwa wengine bila idhini ya askofu, na hadi leo uuzaji huhitaji kibali cha mahakama ya dayosisi.