Dripu ya presha ndogo: kutengeneza vitoneshi kwa mrija mwembamba

Dripa nyingi za dukani, yaani vitoneshi vya kumwagilia bustani, zimeundwa kwa presha ya bar 1 hivi, yaani maji yaliyo juu mita 10, kama kimo cha ghorofa tatu. Simtanki iliyopandishwa kwenye matofali uani Mbagala au Kigamboni inatoa mita moja au mbili tu. Kwa presha hiyo, dripa zenye utando wa mpira ndani hazirekebishi chochote, na zile za kuzuia kuvuja zinaweza zisifunguke kabisa. Za njia ya kujipindapinda, zisizo na utando, zitatoa maji, ila ya lita 2 kwa saa inashuka hadi kama lita 0.6, na maji yakienda polepole hivyo ndani ya njia nyembamba uchafu hutulia humo.

Kutoboa bomba kwa msumari nako hakusaidii. Tundu la mm 1 chini ya mita 1 ya maji linamwaga lita 7 na zaidi kwa saa. Ukilipunguza hadi nusu milimita, punje moja ya mchanga inatosha kuliziba.

Kinachofaa ni mrija mwembamba wa plastiki. Maji yanabanwa na msuguano katika urefu wote wa mrija, kwa hiyo tundu linaweza kubaki kubwa kiasi. Mrija wenye tundu la mm 1 na urefu wa mita 1, ukiwa na mita 1 ya maji juu yake, unatoa takriban lita 1 kwa saa kwa joto la maji ya Dar. Urefu ukizidi mara mbili, maji yanakuwa nusu. Kwa tundu la mm 1.2 utapata lita 2 na kidogo: kipenyo kina nguvu kuliko kitu kingine chochote hapa, kwani 0.9 badala ya 1.0 inakunyima theluthi ya maji. Ndiyo maana mirija yote itoke kwenye roli moja. Ule mrija wa kawaida wa tundu la mm 3 utamwaga karibu lita 30 kwa saa, usiuguse. Mirija iliyotumika ya dripu za hospitali nayo iachwe hukohuko. Ni mipana, kibano chake huteleza, na haijulikani imepitisha nini.

Hujui tundu la mrija wako? Kata mita 1, uunge kwenye ndoo yenye maji, ncha iwe mita 1 chini ya uso wa maji, kisha kinga kwa dakika 6 na upime kwa sirinji. Mililita ulizopata, zidisha kwa 10: hayo ndiyo maji ya saa nzima.

Usiunge laini, yaani mabomba yanayobeba mirija, moja kwa moja kwenye simtanki. Tangi la kimo cha mita 1 lililo juu ya kiunzi cha mita 1 huanza na mita 2 na kumalizia na 1, hivyo mimea inapata nusu ya maji ya mwanzo bila wewe kujua. Weka katikati ndoo ya lita 20 yenye koki ya boya, kama ya tangi la choo, ili uso wa maji usipande wala kushuka. Chagua koki ya presha ndogo, yenye tundu pana. Toleo la ndoo liwe sm 5 juu ya kitako ili tope libaki chini, na ndoo iwe nyeusi na yenye mfuniko, la sivyo mwani utaota ndani.

Mfano wa bustani ya nyanya au bamia: laini 4 za bomba la mm 16, kila moja mita 10, mrija kila sm 40. Hiyo ni mirija 100, lita 100 kwa saa. Msuguano ndani ya laini hizo haufiki hata sm 1 ya maji, kwa hiyo usihangaike na bomba nene. Hangaika na mteremko. Ncha ya mrija ikiwa sm 20 chini ya nyingine, inatoa asilimia 20 zaidi. Pima levo kwa mpira wa maji, kama wafanyavyo mafundi wa msingi, kisha urekebishe kwa urefu: penye mita 1.2 za maji kata mrija wa mita 1.2, penye 0.8 kata wa 0.8. Hapa ndipo mrija unapoishinda dripa ya dukani.

Kata kwa wembe mpya, si mkasi, kwani mkasi hubana mdomo. Toboa bomba upande wa juu, tundu liwe jembamba kidogo kuliko mrija, na uingize sm 2. Msumari wa moto huacha ukingo unaovuja. Bomba kuu lisiwe na nundu. Hewa ikikaa hapo, presha hii haiwezi kuisukuma.

Chujio liwe la meshi 120 (nyuzi 120 kwa inchi), ambalo matundu yake ni takriban sehemu ya nane ya tundu la mm 1. Likichafuka linakula kimo chote cha maji, hivyo lisafishe kabla maji hayajapungua, na kila wiki fungua ncha za laini maji yachuruzike.

Mche wa nyanya kwenye mchanga wetu unahitaji karibu lita 1.5 kwa siku ya jua. Gawa asubuhi na jioni, maana mchanga haushiki maji. Mchana usimwagilie: bomba jeusi likipata joto, maji yanakuwa mepesi, na kutoka nyuzi 25 hadi 45 mrija huohuo unatoa karibu nusu zaidi.

Mwisho pima mirija 16 iliyotawanyika. Wastani wa minne ya chini ugawe kwa wastani wa yote, ukipata 0.85 au zaidi, endelea. Ukipata pungufu, kagua levo kwanza, halafu hewa, halafu uzibaji. Kama maji ni ya kisima na ncha zinaota ukoko mweupe, zilaze kwenye siki usiku kucha. Ukoko ukirudi tena, kata sm 1 ya ncha.